Kikombe cha mashindano hakiondoi moshi jikoni

Asubuhi huwa na baridi huko Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya katika kaunti ya Meru. Moto huwashwa mapema na mlango wa jikoni hufungwa ili joto lisitoke. Chai huchemka, watoto huota moto, na moshi hujaa ndani.

Hali hii haipatikani Githongo pekee. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 hivi ya familia nchini Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Wengi wetu tunaoishi mjini tuna mama au nyanya anayeinama mbele ya mafiga kila siku.

Moshi huo si wa kuchoma macho tu. Una chembe ndogo sana ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hushikwa na nimonia kwa urahisi. Mama aliyepikia kuni kwa miaka mingi huweza kupatwa na ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, na hata mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Matatizo ya aina hii ndiyo wanafunzi wetu huombwa kuyatatua katika mashindano ya ubunifu. Yanayojulikana zaidi nchini ni Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo wazazi wengi wanayakumbuka kwa jina la Kongamano la Sayansi. Huanzia shuleni, yakapanda hadi kaunti ndogo, kaunti, eneo na mwishowe taifa. Wanafunzi huandika ripoti, hutengeneza kifaa au mfano wake, kisha huwaeleza waamuzi jinsi kinavyofanya kazi.

Ni jambo jema. Hata hivyo, waamuzi hukiona kifaa kikiwa mezani, kwa dakika chache, mbele ya mwanafunzi aliyejiandaa. Mama wa Githongo ana maswali mengine. Je, jiko hili litabeba sufuria ya githeri ya watu wanane? Litawaka kwa kuni zilizonyeshewa? Litatia nyumba joto? Jiko ambalo halitoi moshi, lakini pia halitoi joto, litawekwa pembeni, na mafiga yatarudi kazini.

Mfano wa Maseno

Wako wanafunzi walioanza na tatizo walilokuwa wakiishi nalo. Katika Shule ya Maseno, magharibi mwa Kenya, uchafu wa vyoo ulikuwa ukiingia katika kijito cha karibu, nalo jiko la shule lilitumia kuni. Leroy Mwasaru na wenzake wanne waliona kwamba matatizo hayo mawili yangeweza kutatuliwa kwa mtambo mmoja. Waliunda mtambo wa gesi uliotumia uchafu huo, na mwaka 2013 wakashiriki mashindano ya Innovate Kenya yaliyoandaliwa na shirika la Global Minimum. Baadaye Mwasaru alianzisha kampuni ya Greenpact ili kuendeleza kazi hiyo.

Mtambo wa namna hii hufanya kazi kwa njia rahisi. Kinyesi huchanganywa na maji na kufungiwa ndani ya shimo au tangi lisiloingia hewa. Humo bakteria huozesha mchanganyiko huo na kutoa gesi ambayo huwaka kwa mwali wa buluu bila moshi. Masalio huwa mbolea.

Je, tuuchukue mtambo huo na kuupeleka Githongo? Ng'ombe wanaofugwa zizini wapo, na samadi ipo. Lakini bakteria hao hupenda joto la nyuzi 35 hivi. Baridi ikizidi, huzubaa na gesi hupungua. Kwa hiyo mtambo wa mlimani unahitaji kuzikwa vizuri ardhini na kukingwa na baridi. Mwanafunzi wa Githongo anayejua jinsi asubuhi za kwao zilivyo ana nafasi nzuri ya kuliwazia jambo hilo kuliko mtaalamu wa mbali.

Si kila suluhisho ni la simiti na mabomba. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls waliojiita The Restorers walifika fainali za mashindano ya Technovation huko California, Marekani. Walikuwa wametunga programu ya simu iitwayo i-Cut, ya kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada, na waliokwisha kukeketwa kupata huduma. Mmoja wao alieleza kwamba walisukumwa na masaibu ya rafiki aliyekeketwa na asirudi tena shuleni. Hata wao walianza na mtu waliyemjua.

Maswali ya kuuliza

Mzazi, mwalimu au mwamuzi anayetazama kazi ya mwanafunzi na aulize haya:

1. Ni nani hasa atakayekitumia kifaa hiki, na je, amewahi kukijaribu?

2. Kitagharimu pesa ngapi, na fundi wa sokoni anaweza kukitengeneza kikiharibika?

3. Kimepimwa vipi? Kwa jiko, kwa mfano, kuni zilipimwa kabla na baada ya kupika?

4. Mashindano yakiisha, nani atakiendeleza?

Alama zikitolewa kwa maswali haya, wanafunzi watatoka darasani na kwenda jikoni kwa akina mama kabla ya kushika msumeno.

Wakati tunangoja

Familia zinazotumia kuni zinaweza kupunguza madhara hata leo. Tumia kuni zilizokauka. Fungua dirisha au acha mwanya juu ya ukuta, na ukiweza weka bomba la kutoa moshi nje. Usimbebe mtoto mgongoni unapopika. Wakazi wa mjini nao wasilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu haina harufu na huua usingizini.

Mtoto mwenye kikohozi akianza kupumua mbio, mhesabu pumzi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke hospitalini mara moja. Aliye chini ya miezi 2 apelekwe bila kungoja kuhesabiwa.