Je, wajua kwa nini simu hukudakia maneno?

Mwambie msaidizi wa sauti wa simu yako apige namba fulani. Utaanza, "sifuri saba mbili mbili", utavuta pumzi kidogo kama tulivyozoea kutaja namba kwa mafungu, na kabla hujafika fungu la pili ameshadakia: namba haijakamilika. Wengi husema mashine haisikii vizuri. Lakini tarakimu zote imezisikia. Isichojua ni kwamba zamu yako ya kusema haijaisha. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo fundo gumu zaidi kwa wasanifu wa mashine za mazungumzo, gumu kuliko kutambua maneno yenyewe.

Kutambua maneno ni kazi ya siku nyingi. Mwaka 1952 maabara za Bell nchini Marekani zilikuwa na mtambo ulioitwa Audrey, uliotambua tarakimu tu; Siri ikaingia kwenye iPhone mwaka 2011, na Alexa ya Amazon ikafuata 2014. Zamu, kwa muda mrefu, ilitafutiwa njia ya mkato: mashine hungoja kimya. Kimya kikitimiza muda uliowekwa, yahesabika umemaliza. Ukipunguza muda huo itakukata kauli, ukiuongeza utaiona imezubaa. Binadamu hatuzungumzi hivyo. Mtafiti wa lugha Tanya Stivers na wenzake walipima maswali na majibu katika lugha 10, zikiwemo Kijapani, Kidenishi na lugha moja ya Namibia, na mwaka 2009 wakachapisha kwamba pengo kati ya msemaji na mjibuji ni wastani wa milisekunde 200 hivi. Wakati huohuo, majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kuandaa hata neno moja la kutaja picha huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake, msikilizaji huanza kuandaa jibu mwenzake akiwa bado anasema, akikisia sentensi itaishia wapi kwa mpangilio wa maneno na kushuka kwa sauti.

Yupo atakayesema tungoje kompyuta zenye kasi zaidi. Kasi ni nzuri, ila mashine inayongoja kimya ndipo ijibu upesi bado inakisoma kimya vibaya. Hoja nzito zaidi ni ya usahihi: utafiti wa mwaka 2020 ulikuta mifumo ya kampuni tano kubwa ikikosea maneno kama 35 katika kila 100 ya Wamarekani Weusi, na 19 ya Weupe. Hilo ni kosa la haki, si la ufundi tu, na silipuuzi. Lakini hata makosa hayo yakiisha, "eeh" ya mtu anayefuatilia maelezo humaanisha endelea. Mashine iliyoisikia barabara bila kujua kazi yake itanyamaza katikati ya sentensi. Na mwenye kigugumizi ataendelea kukatizwa. Kwa nini basi tusiweke kitufe cha kubonyeza kila unaposema? Kwa wengi chatosha, tena ningependa kionekane zaidi. Hakimfai dereva, wala mtu asiyeweza kutumia mikono yake, na hao ndio wenye haja kubwa ya sauti.

Mwaka 2024 maabara ya Kyutai ya Paris ilitoa Moshi (hauhusiani na mji wa Kilimanjaro), mfumo unaosikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Ulifunzwa zamu kwa saa zipatazo 2,000 za mazungumzo ya simu ya Kiingereza, kila msemaji akiwa amerekodiwa kwenye mkondo wake. Kinyume chake, sauti za Kiswahili tulizochanga kwa wingi kupitia mradi wa Common Voice ni za watu wanaosoma sentensi peke yao mbele ya kipaza sauti. Msomaji hana wa kumdakia, wala wa kumwitikia. Vyuo na wafadhili wanaokusanya sauti za lugha yetu warekodi sasa watu wawili wakizungumza, kwa ridhaa yao, pamoja na "eeh" zao zote.