Maswali na Majawabu Nyumbani

Ni desturi nyumbani kwetu, baada ya chakula cha usiku, kuulizana maswali ya elimu mbalimbali, mfano wa yale yaletwayo kila siku katika simu. Usiku mmoja mwanetu mdogo alituuliza: "Baba, jua lazungukwa na sayari ngapi?" Tukajibu: "Tisa." Akasema kwa adabu: "La, baba, ni nane." Tukamkemea mbele ya nduguze, naye akanyamaza.

Kumbe mtoto ndiye aliyesema kweli! Sayari ya tisa tuliyofundishwa sisi ni Pluto, iliyogunduliwa mwaka 1930. Lakini mwezi wa Agosti 2006 wataalamu wa nyota walikutana mjini Prague, wakakata shauri kuwa Pluto haikutimiza sharti moja la sayari, yaani kuwa peke yake katika njia yake bila ya kuchangamana na vitu vingine vingi. Ikatiwa katika daraja ya sayari kibete. Basi Pluto ingali pale pale ilipo. Kilichobadilika ni hukumu ya wataalamu.

Usiku wa pili tulimtaka radhi mwanetu mbele ya wale wale waliosikia kemeo letu. Tuliona uzito, lakini lau tungalinyamaza, tungalimfunza kuwa ukubwa ni bora kuliko ukweli.

Enyi wazazi, Qurani, katika Sura ya An-Nahl, aya ya 43, imetuamrisha tuwaulize wenye kujua pale tusipojua. Haikusema tuwaulize wakubwa tu. Nanyi vijana, msijibu kwa kubahatisha mkapata alama, kisha mkadhani mmepata elimu. Kila jawabu lifuatieni swali la pili: "Kwa nini?"

Haya, jaribuni haya matatu, wala msitazame chini kwanza:

1. Neno "aljebra" limetoka wapi?
2. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka gani?
3. Kwa nini mwezi huonekana kukua na kupungua?

Majawabu:

1. Ni neno la Kiarabu, al-jabr, lililomo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9.
2. Mwaka 1331.
3. Nusu yake huangazwa na jua daima, ila sisi huona sehemu tu ya nusu hiyo, kwa kadiri uzungukavyo dunia.

Aliyekosa asione haya. Aibu ni kukataa kusahihishwa.