Fahamu: "Mono" ni tusi gani?

Kwa Kihispania, mono ni kima. Nchini Uhispania neno hilo pia ni la mapenzi: mtu akimwona mtoto mchanga kwenye kigari husema "qué mono", yaani kazuri kweli! Lakini likirushwa kwa mtu mweusi kutoka jukwaani, linamvua utu, na hakuna utani hapo.

Mei 21, 2023, uwanjani Mestalla mjini Valencia, Vinícius Júnior, mchezaji mweusi wa Real Madrid, alisimama karibu na goli, akimwonyesha mwamuzi kwa kidole shabiki aliyemtukana. Mechi ikasimama. Baadaye wakatokea waliodai kwamba umati uliimba tonto, yaani mjinga, si mono. Ni kweli wengi waliimba hivyo, lakini hilo haliwasafishi waliosema mono. Juni 2024, mashabiki watatu walihukumiwa kifungo cha miezi 8.