Nani Huamua Redio Ipige Nini?

Watetezi wa ubepari hutuambia kwamba redio ya biashara hupiga kile wanachokitaka wasikilizaji. Kada hana budi kuipima hoja hii kwa mambo halisi.

Tuchukue kituo cha WCBS-FM cha New York, Marekani. Tangu mwaka 1972 kilipiga nyimbo za zamani, na watangazaji wake, kama Bruce Morrow, walipendwa na wakazi wa mji huo. Tarehe 3 Juni, 2005, wenye kituo, yaani kampuni ya Infinity iliyokuwa mali ya Viacom, walikomesha utaratibu huo ghafla. Mahali pake waliweka mtindo ulioitwa "Jack", wa nyimbo mchanganyiko zisizo na mtangazaji. Siku hiyo hiyo walifanya vivyo hivyo katika kituo chao cha WJMK, Chicago.

Kwa nini? Wasikilizaji walikuwepo. Lakini bidhaa ya redio ya biashara siyo wimbo. Ni msikilizaji, ambaye huuzwa kwa wenye matangazo. Nao hupendelea kununua watu wa umri wa miaka 25 hadi 54. Wapenzi wengi wa nyimbo za miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wamevuka umri huo, na kwa hiyo thamani yao sokoni ilikuwa imeshuka. Tena, redio isiyo na watangazaji hupunguza gharama ya mishahara.

Uamuzi wa namna hii una msingi wake katika umiliki. Kabla ya sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996, kampuni moja nchini Marekani haikuruhusiwa kumiliki zaidi ya vituo 40. Sheria hiyo iliondoa kikomo cha nchi nzima, na katika miji mikubwa ikaruhusu kampuni moja kuwa na vituo hadi 8. Baada ya miaka michache kampuni ya Clear Channel ilikuwa na vituo zaidi ya 1,200. Mwenye vituo vingi hugawa wasikilizaji kama mfanyabiashara anavyopanga bidhaa dukani.

Mtindo mpya haukufaulu New York. Wasikilizaji walilalamika, wengi wakahama, mapato yakashuka. Tarehe 12 Julai, 2007, nyimbo za zamani zilirudishwa. Je, umma ulishinda? Tusijidanganye. Malalamiko yalizingatiwa yalipokuwa hasara katika vitabu vya hesabu. Hata ziliporudi, nyimbo zilisogezwa mbele kuelekea miaka ya 1970 na 1980, ili kuwafuata wasikilizaji wenye umri unaouzika.

Kwa hiyo, Ndugu, tunapofungua redio yoyote tujiulize: Mtambo ni wa nani? Nani anaugharimia? Msikilizaji ana nafasi gani katika uamuzi? Maswali haya yanaihusu pia redio ya umma. Kuwa mali ya umma hakutoshi, kama wananchi wenyewe hawana njia ya kusema na kusikilizwa.