Gemu zipo, majina ndiyo hayapo

Nilikwenda Ggaba, Kampala, kununua mukene, yaani dagaa, si kutafuta habari. Nyuma ya soko, pale harufu ya samaki inapoanza kulegea, vijana walikuwa wamekaa kimya kama wafiwa mbele ya kibanda cha gemu. Hadidiski imejaa pomoni, lakini mashine ya PS2 inasema haioni hata gemu moja.

“Kila kitu kipo, ssebo,” fundi aliniambia bila kuinua macho kwenye kompyuta. “Kilichokufa ni orodha.”

Nikakaa kitako. Diski ya FAT32, alinieleza, haipokei faili linalofika GB 4, hivyo gemu hukatwa vipande visivyozidi GB 1. Jina la kila kipande huanza na ul, kisha herufi na tarakimu nane, kisha namba ya sidii. Jina ambalo mtoto analijua limo ndani ya kijifaili kimoja, ul.cfg: baiti 64 tu kwa kila gemu. Umeme ukikatika kinapoandikwa, kikaharibika, vipande hubaki kama magunia ya dagaa mwaloni yasiyo na jina la mwenyewe.

Na zile herufi na tarakimu nane hazikuokotwa. Zinapigiwa hesabu kutokana na jina lenyewe. Andika FIFA14 badala ya FIFA 14, jibu linabadilika, mashine inatafuta vipande visivyokuwepo. Ndiyo maana fundi ana daftari la shule, kila jina kwa kalamu, na kila nafasi tupu ameitilia nukta. Sijaona karani mwangalifu hivyo.

Kufuta gemu moja ili kuchomeka nyingine hataki kusikia: ikitawanyika kwenye mapengo, inagoma. Husafisha diski nzima, akanakili upya kutoka diski ya pili, ambayo haitoki nyumbani kwake.

Mashine ni ya mwaka 2000, FIFA ya mwisho kutengenezewa ni hiyo 14, ya 2013. Jicho la kusomea sidii lilishachoka. Limebaki tundu la USB, la kizazi cha kwanza, ndiyo maana video zinakwama-kwama. Nilimuuliza sidii halisi ziko wapi. Akafungua mkebe wa biskuti: tatu, zimekwaruzika. Na nyingine zote? Akaendelea kuandika.

Jioni orodha ilirudi. Mvulana mmoja akauliza kama ligi yake ipo. Ligi haikai kwenye diski, iko kwenye kadi ya kumbukumbu ya MB 8, ile ile yenye programu ya kuwashia gemu za diski.

“Nakala yake iko wapi, mzee?”

Fundi akalifunua daftari, akatafuta ukurasa.