Safari Rally Ilipita Hapa, Sasa Ni Zamu ya Nduthi

Msee yeyote aliyekuwa akibeba watu kutoka Mutomo kuishia Ikutha kabla lami haijamwagwa, huyo usimfunze enduro ni nini. Ameifanya miaka, mathe wa watu akiwa nyuma na jogoo ndani ya kiondo, na hakuna mtu alimvalisha medali. Alilipwa soo mbili na akaambiwa asante, basi.

Na hii ardhi ya Ukambani haijaanza kusumbua magurudumu jana. Safari Rally ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari, juu ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Ile ya kwanza ilikuwa ya watu na ndai zao za kawaida. Hata madaraja yalipangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini: ka ndai yako ni ya bei ya chini, unashindana na wa bei ya chini wenzako. Shikilia hiyo point, nitairudia.

Mguu wa Mombasa ulikuwa unapita kwetu kabisa: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Ilikuwa ikipigwa Pasaka, wakati mvua imeamua, na miaka ya sabini ilikuwa inakula kilomita zaidi ya 5,000, mchana na usiku. 1963 ndai 84 zilianza, 7 zikamaliza. 1968 zikaanza 93, na bado ni 7 tu zilifika. Hiyo miaka yote miwili mwenye aliibeba ni Nick Nowicki na Peugeot 404. Lakini stori inanibamba kuliko zote ni ya 1965, venye Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, na bro yake Jaswant walichukua ushindi na Volvo ya mkono wa pili. Makampuni yamekuja na magari mapya, hawa wawili wakawapitia na mtumba.

Saa hii Safari iko Naivasha. Ilitoka kwa kalenda ya dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, na msee wa Kibwezi anaicheki kwa simu kama mtu wa Finland.

Nduthi nazo zina historia yao huko nje. 1962 wasee wawili, Dave Ekins na Bill Robertson, walitoka Tijuana na Honda za 250cc wakashuka jangwa lote la Baja, Mexico, hadi La Paz. Hakukuwa na saa rasmi ya mbio, so waligongesha muhuri wa telegramu mwanzo na mwisho. Ekins alitumia saa 39 na dakika 56. Miaka mitano baadaye mbio kamili ya Baja ikazaliwa, na bado iko. Halafu kuna Thierry Sabine, Mfaransa aliyepotea na nduthi yake kwa jangwa la Libya 1977, karibu adedi. Mtu mwingine angeuza hiyo nduthi. Yeye alirudi akaanzisha mbio ya Paris kwenda Dakar, ikatoka tarehe 26 Desemba 1978, na wa kwanza kufika alikuwa Cyril Neveu na Yamaha XT500. Silinda moja tu. Boxer ya steji yako pia ni silinda moja.

Najua utasema Boxer si Yamaha. Ni ukweli, lakini cheki kazi inafanya. Mwisho wa miaka ya 2000 serikali ilitoa VAT kwa nduthi za chini ya 250cc, na kutoka hapo kila centre ya Kitui na Makueni ikapata steji. Msimu wa maembe, nduthi inashuka vilima vya Mbooni na makreti yamefungwa blada hadi dere haonekani. Upande wa Kitui ni gunia ya ndengu, kilo 90, ama mitungi ya maji wakati kiangazi kimekaza. Mitungi sita ya lita 20 ni kilo 120, na bado hujahesabu dere mwenyewe.

Sasa mpeleke huyo dere kwa mto umekauka. Mito mingi huku ni mchanga tupu miezi mingi ya mwaka, na mchanga ndio mwalimu. Mgeni akiingia anashtuka, anafunga mafuta, tairi ya mbele inazama, anaonja mto. Mwenyeji anatoa upepo kidogo kwa tairi kabla ya kuteremka, anatia gia ya pili, anasimama kwa vikanyagio, uzito anaurudisha nyuma, na mafuta haachilii hadi ng'ambo. Breki ya mbele haiguzwi kabisa. Nduthi inacheza kushoto kulia, na yeye anaiachilia icheze. Hao wasee wa Dakar hulipa makocha wawafunze hiyo kitu. Akitoka ng'ambo anashuka, anapanguza cheni, juu mchanga na oil ukichanganyika unakula sproketi mbio sana, na sproketi mpya inatoka kwa mfuko wake.

Kuna kitu sifurahii, acha niiseme. Tangu lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui ifike, mbio za manduthi zishaanza zenyewe, usiku, bila helmeti, bila taa, na beti za pesa ya siku. Tunajua wards zinajaa miguu gani. Maboyz watashindana tu, hiyo huwezi zuia na mkutano wa chief. Kenye unaweza ni kuwapea mahali, saa, daktari na sheria.

So hii ndio proposal yangu, na nimeiiba 1953. Kaunti mbili zishikane: itoke Kitui mjini, ipitie njia za zamani za mchanga upande wa Ikutha, ivuke Athi, iingie Kibwezi, ipande hadi Wote. Daraja kuu liwe la nduthi za steji, 150cc kushuka, zile zile zinabeba abiria, hakuna kubadilisha injini. Wenye KTM za mamilioni wapewe daraja lao huko kando. Kila dere alete leseni, helmeti ya ukweli na barua ya sacco yake, na wakaguzi wafungue kila nduthi kabla itoke. Anayepitisha spidi ndani ya centre anatolewa, hata akiwa nambari moja. Zawadi isiwe kikombe: iwe nduthi mpya, bima ya mwaka mzima na seti za cheni na sproketi hadi nambari kumi.

Wadosi wa Wote na wa Kitui, kaeni chini mtoe tarehe. Isiwe Pasaka kama ya kina Nowicki, mito itabeba watu. Wekeni Agosti, na ambulensi zifike kabla ya maspika.