Pumzi moja kabla ya mkwaju: Somo la gofu kwa mfanyabiashara

Raundi moja ya gofu yenye mashimo 18 huchukua takriban saa nne, lakini muda wa kupiga mpira wenyewe, ukijumlishwa wote, ni dakika chache tu. Saa zinazobaki mchezaji anatembea na mawazo yake. Ndiyo maana wengi hushindwa kichwani kabla ya kushindwa uwanjani.

Hapo ndipo mafunzo ya Zen yalipopata nafasi katika gofu. Zen ni tawi la dini ya Kibudha lililostawi Japani, na hufundisha kutulia, kufuata pumzi na kuweka akili kwenye jambo lililo mbele yako, si la jana wala la kesho. Mwaka 2002, Joseph Parent wa Marekani alichapisha kitabu kiitwacho Zen Golf, akionyesha jinsi mchezaji wa imani yoyote anavyoweza kutumia utulivu huo kati ya mkwaju mmoja na mwingine.

Anayejua gharama ya kukosa utulivu ni Ariya Jutanugarn wa Thailand. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alifika shimo la mwisho la mashindano ya nyumbani akiongoza kwa mikwaju miwili, akavurunda na kukosa ubingwa. Aprili 2016, huko California, alikuwa tena mbele kwa mikwaju miwili huku yakibaki mashimo matatu. Yote matatu yakamwendea vibaya.

Mwaka huohuo alifundishwa na Pia Nilsson wa Sweden na Lynn Marriott wa Marekani. Walimu hao humtaka mchezaji achore mstari wa kufikirika nyuma ya mpira. Akiwa nyuma ya mstari, anapima upepo na umbali, anachagua fimbo na kuamua. Akishauvuka, hafikirii tena, anapiga. Jutanugarn aliongeza jambo dogo: kutabasamu kabla ya kila mkwaju.

Mei 2016 alishinda mashindano matatu mfululizo. Julai, katika Women's British Open uwanjani Woburn, Uingereza, pengo lake la mikwaju sita lilipungua hadi mmoja. Safari hii hakuporomoka. Alishinda kwa mikwaju mitatu. Mwaka 2017 akawa namba moja duniani.

Mfanyabiashara wa Busia, Namanga au Mutukula huenda hajawahi kushika fimbo ya gofu, lakini hali hiyo anaijua. Nyanya za jana zimeozea kwenye foleni ya malori, na leo anakimbilia kukubali bei yoyote ili afidie. Hasara ya kwanza inazaa ya pili.

Mstari ule unaweza kuchorwa hata sokoni. Kabla ya kumfuata mnunuzi, kaa pembeni na daftari: piga hesabu ya nauli, ushuru na kiwango cha kubadilisha fedha, kisha andika bei ya chini kabisa unayoweza kukubali. Vuta pumzi moja, halafu nenda. Ukishafika mbele ya mnunuzi, usianze hesabu upya kwa sababu ya jana.

Pumzi haitafupisha foleni ya mpakani wala kurudisha mzigo ulioharibika. Inachofanya ni kuzuia mzigo wa jana usipange bei ya leo.